Masanduku ya Mè Malineo

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria motoni, iepue kwanza. Ifunike vizuri, izungushie blanketi, kisha njoo ukae. Chakula kitaendelea kuiva chenyewe huku tukizungumza. Mwanamke tunayemkumbuka leo angekuambia hivyo hivyo, na kama ungebisha angekuja kuiepua mwenyewe.

Jina lake ni Malineo Tsolo. Mwalimu Malineo Tsolo, wa shule ya msingi ya Ha Mokotjo, huku kwetu milimani Mokhotlong, Lesotho. Wengi wenu mlimjua kwa jina la utani, Mè Funika, yaani Mama Funika. Alizikwa Jumamosi iliyopita. Narudia kwa wale ambao redio zao zinakwaruza: Mwalimu Malineo Tsolo, Mè Funika, amezikwa Jumamosi, kwenye upepo, juu kidogo ya shule aliyofundishia maisha yake yote.

Nisiwadanganye, wasikilizaji. Kipindi cha leo hakifariji. Mwenye moyo mwepesi anaweza kuzima redio sasa, tena atakuwa ameokoa betri, na marehemu angemsifu kwa hilo.

Tuanzie kwenye ukuta.

Mnaujua ukuta wa jiko la shule pale Ha Mokotjo. Ni ule wa nyuma, unaopigwa na upepo wa mlimani. Zamani kila mtoto wa zamu alifika shuleni na kitu mkononi. Ukuni, au kichaka kikavu, au donge la mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Bila hivyo hakuna moto, na bila moto hakuna chakula cha mchana. Mtoto aliyefika mkono mtupu alisimamishwa kwenye ukuta ule mpaka mapumziko. Hakuna aliyeona kosa. Wengi tunaosikilizana hapa tumesimama pale, na baba zetu walisimama pale. Sisi hatuendi mahali mkono mtupu. Si harusini, si msibani, si shuleni. Hilo mliweke akilini, maana litarudi.

Malineo alikuja Ha Mokotjo akiwa bi harusi na mwalimu kwa pamoja. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Katika darasa lake la nne kulikuwa na msichana anaitwa Puseletso. Mtoto huyo alikuwa msemaji kupita kiasi. Alijibu maswali kabla hayajaulizwa. Malineo alimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Asubuhi moja ya majira ya baridi, Malineo alikuwa mwalimu wa zamu, na Puseletso alifika mkono mtupu.

"Ukuni wako uko wapi, Redio?"

"Vichaka vya karibu vimekwisha, Mwalimu. Hata mavi ya ng'ombe yanagombaniwa. Ng'ombe wenyewe wamekonda, hawana cha kunya."

Watoto walicheka. Malineo naye alicheka. Kisha akasema, "Ukutani."

"Mwalimu, baridi."

"Baridi ni ya wote, mwanangu. Kesho uje na ukuni."

Maneno hayo, wasikilizaji, ni ya kawaida kabisa. Hakuna mwalimu wa huku kwetu ambaye hajawahi kuyasema. Kesho uje na ukuni.

Kesho yake Puseletso alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Alipanda mlima, akapita njia ya mifugo, akaenda juu zaidi, kule ambako vichaka vilikuwa bado vimebaki. Kabla ya adhuhuri theluji ilishuka. Wachunga mifugo walimkuta siku ya pili chini ya mwamba. Kuni alikuwa amezipata. Alikuwa amezifunga vizuri, mzigo mdogo wa mtoto. Kwa kukosa kamba alikuwa amevua sweta yake ya shule, akazifungia.

Sweta, jamani. Alivua sweta akafungia kuni za shule.

Mama yake, ambaye mpaka leo tunamwita Mè Mapuseletso kwa jina la huyo mtoto, alimzika bila kupiga kelele. Watu walipotaka kuutia ule mzigo wa kuni kwenye moto wa msiba, alikataa. Alifungua sweta akaifua. Vichaka akavifunga kwa kipande cha kitambaa, akavitundika kwenye dari ya nyumba yake, juu ya kitanda. Vikakaa hapo. Majira ya baridi yalikuja na kupita, mengine makali ambayo watu walichoma hata miguu ya viti, naye hakuvigusa.

Na Malineo je? Binti yake Lineo, anayefanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Maseru, alizungumza nasi wiki hii. Alisema hivi: "Mama alikuwa na sentensi moja. Anaweza kuwa anamenya viazi, au anafua, au tumo kanisani, anaisema tu. 'Sikumuua mimi. Lakini mimi ndiye niliyemwambia kesho uje na ukuni.' Baba alimwomba aache. Hakuweza kuacha."

Basi mwanamke yule alijiwekea jambo moja maishani, na hilo ndilo mnaloombwa kulikumbuka. Hakutaka tena kumwona mtoto amesimama kwenye ukuta ule kwa sababu ya kuni. Ni hilo tu. Hakutafuta cheo wala picha gazetini.

Njia aliipata kanisani, kwa bahati. Alikuwa ameahidi kupeleka makande kwenye mkutano wa akina mama, na asubuhi alichelewa. Maharage na mahindi vilikuwa vimechemka kidogo tu, bado vigumu kama changarawe. Kwa aibu ya kwenda mkono mtupu, akaitwaa sufuria hivyo hivyo, akaizungushia blanketi la mumewe, akaipakia kwenye punda. Mhubiri siku ile alikuwa na mengi moyoni. Alihubiri mpaka watoto wakalala, na wakubwa wakawafuata. Sufuria ilipofunguliwa, mvuke ulitoka, na makande yalikuwa laini.

Mumewe, Ntate Tsolo, yaani Baba Tsolo, Mungu amrehemu naye, alilalamika mwezi mzima. "Blanketi langu linanuka maharage. Nikipita sokoni mbwa wananifuata."

"Waambie wasikufuate," Malineo alimjibu, "chakula kilishaliwa."

Kutoka hapo hakulilalia wazo lake. Nyuma ya darasa kulikuwa na lundo la madawati yaliyovunjika, yakisubiri gari ambalo halikuja. Kwenye banda la kunyolea kondoo kulikuwa na sufu ya tumboni na ya mikiani, ile chafu ambayo wanunuzi hawaitaki, inatupwa bondeni. Malineo aliomba mbao hizo na sufu hiyo. Ntate Tsolo alipigilia misumari, huku akinung'unika kama kawaida yake. Wakatengeneza masanduku makubwa, marefu ya kufika kiunoni, yenye sufu nene pande zote na juu mfuniko wenye mto wa sufu. Unachemsha sufuria motoni kwa muda mfupi, unaishusha ndani ya sanduku, unafunika, unaondoka. Moto unauzima. Chakula kinamalizikia humo humo. Madawati yaliyovunjika na sufu iliyotupwa, wasikilizaji wapendwa. Vitu vilivyohesabiwa kuwa takataka.

Kisha akaenda nyumbani kwa Mè Mapuseletso. Lineo alikuwa amebebwa mgongoni siku hiyo, lakini habari alihadithiwa na wote wawili, na wote wawili waliisimulia sawa.

"Mè, nataka uje unipikie shuleni."

"Nije nipike kwa kuni za watoto wa watu?"

"Uje upike bila hizo."

 Mè Mapuseletso aliinua macho darini, kwenye ule mzigo, akasema, "Nitakuja kuona. Ukinidanganya, nitakupiga kwa mwiko mbele ya wanafunzi wako."

Siku ya kwanza nusu ya kijiji ilikuja kucheka. Walisema Mwalimu ameizika sufuria. Walisema tuleteeni mchungaji aiombee. Ilipofika saa ya chakula Mè Mapuseletso alifunua sanduku, na kicheko kikakatika. Ugali na maharage, vya moto, kwa shule nzima, na jiko lilikuwa limeshapoa tangu asubuhi. Kuni ambazo zamani ziliisha kwa siku mbili sasa zilitosha wiki nzima. Punda mmoja wa mzazi mmoja aliweza kubeba zilizohitajika. Zamu za watoto zikafutwa.

Ukuta ukawa mtupu. Mbuzi wakaanza kuota jua pale.

Hiyo ndiyo miaka yake mizuri, na tuiseme, kwa sababu ilikuwepo. Alikuwa akipita jikoni anapaza sauti, "Funika." Maji ya kunawia mikono yalikwenda kwenye kabichi. Maganda yalikwenda kwenye shimo la mbolea. Kalamu ya risasi iliandikiwa mpaka vidole vikagusa karatasi. Mtoto akiongea sana darasani, wenzake walimwambia "funika." Walevi wa kijiji walisema hata Ntate Tsolo hulala amefunikwa mpaka kichwani ili aive vizuri. Malineo aliyasikia yote na alicheka nao. Lakini kila asubuhi, kabla ya kengele, alizunguka nyuma ya jiko, akautazama ukuta. Mè Mapuseletso alimwona kupitia dirisha. 

Sasa tufike kwenye umeme.

Nguzo zilipofika Ha Mokotjo, Malineo alikuwa ameshastaafu. Mumewe alikuwa amefariki, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Shule ilikuwa na mwalimu mkuu mpya, Ntate Khauta. Niseme mapema: Ntate Khauta si mtu mbaya. Ni mtu wa tai, mpole, anayejua majina ya watoto wote. Ingekuwa rahisi kwetu kama angekuwa mtu mbaya. Wafadhili waliipa shule sufuria kubwa za umeme zinazong'aa. Pakawa na sherehe, ngoma na hotuba. Asubuhi ya sherehe masanduku ya sufu yalitolewa jikoni, yakafungiwa stoo.

Malineo alikaa miongoni mwa wageni na blanketi lake. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ntate, umeme ukikatika?"

"Mè, hizo ni fikra za gizani. Umeme ndio huu umekuja."

"Umekuja, tunashukuru. Basi chemsheni kwa umeme, halafu mfunike kwenye masanduku. Mtaokoa nusu. Sanduku halibagui moto."

Watu walicheka kwa heshima. Ntate Khauta aliinama akamnong'oneza, kwa upole kabisa, "Mè wangu, wageni wakiona mafungu ya sufu jikoni watasema sisi bado tunaishi mapangoni."

Umeme ulikuwa wa tokeni, wa kulipia kabla ya kuutumia. Sufuria zile zilizila tokeni kama ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Muhula wa kwanza ulikwenda. Muhula wa pili tokeni ziliisha katikati, na barua za kuomba nyingine hazikujibiwa. Halafu theluji ikaangusha nguzo. Sufuria zikabaki zinang'aa na baridi yake ndani. Watoto walipaswa kula. Sasa mtu anafanya nini? Anafanya alichofanyiwa. Wiki moja baadaye tangazo lilisomwa asubuhi, kwamba kila mtoto wa zamu aje na ukuni.

Na wale waliofika mkono mtupu walisimamishwa ukutani.

Lineo anasema: "Nilimpigia simu Mama kumuuliza habari ya kifua chake. Hakunijibu habari ya kifua. Aliniambia, 'Wamesimama tena.' Nikamuuliza, nani wamesimama? Akasema, 'Wamesimama tena, Lineo,' akakata."

Asubuhi iliyofuata Malineo alikwenda shuleni na fimbo yake. Njia ambayo zamani aliitembea akiimba, sasa alipumzika kila jiwe kubwa. Alimkuta Ntate Khauta ofisini. Mlinzi wa shule alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia.

"Ntate, nifungulie stoo. Nataka masanduku yangu."

"Mè, panya wameingia kwenye sufu. Yananuka."

"Sufu imejaa bondeni, inatupwa. Nitayajaza upya mimi na Mè Mapuseletso. Hatutaki mshahara."

"Nakuelewa, Mè. Lakini sasa tuna mitihani, na mkaguzi yuko njiani. Atakuta jiko limejaa sufu na panya? Baada ya likizo. Nakuahidi, baada ya likizo nitakufungulia mwenyewe."

Malineo hakubishana. Alitoka, akazunguka nyuma ya jiko. Walikuwepo watoto wachache pale, mikono ndani ya mablanketi, pua zinachuruzika. Akaenda akasimama nao. Mwalimu mstaafu, bibi wa kijiji kizima, mgongo ukutani kwenye upepo ule. Walimu wakachungulia madirishani. Ntate Khauta mwenyewe alitoka mbio amebeba kiti.

"Mè, tafadhali. Unatuaibisha. Kaa basi hata kwenye kiti."

"Siwezi kukaa, Ntate. Nami nimekuja bila ukuni."

Alisimama mpaka kengele ya mapumziko ilipolia. Kisha akaenda nyumbani.

Hatusemi ukuta ulimuua. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na daktari aliandika anayoyajua yeye. Tunasema tu kwamba wiki ile ile alilala na hakuamka vizuri tena. Walimpeleka hospitali. Lineo alikuja kutoka Maseru akakaa naye. Anasema mama yake aliuliza jambo moja kila alipozinduka. "Likizo imeisha?" Anamjibu, bado, Mama. "Ikiisha uniambie. Nimeahidiwa." Alifariki likizo ikiwa katikati. Lineo akarudi kijijini kuandaa msiba.

Wasikilizaji wapendwa, hapa naomba mtulie.

Mnajua Ijumaa ya msiba huku kwetu. Ng'ombe amechinjwa. Vyungu vya miguu mitatu vimepangwa uani. Kila nyumba inaleta kuni, kadiri ya uwezo. Hata mjane asiye na kitu ataleta donge moja la mavi makavu, atalichomeka chini ya chungu, na moyo wake utatulia. Mè Mapuseletso hakuwepo mchana ule. Yeye na mashemeji walikuwa wamekwenda na gari kuufuata mwili hospitalini. Lineo alikuwa ndani, amekaa kwenye godoro, kama mfiwa anavyokaa.

Alasiri akasikia harufu. Harufu ya sufu inayoungua.

Alimuuliza shangazi yake, "Nani amechinja kondoo? Naona wanachoma kichwa."

"Hakuna kondoo, mwanangu. Ni ng'ombe tu."

Lineo aliinuka godoroni. Mfiwa hainuki godoroni, lakini yeye aliinuka, akatoka mpaka uani. Pale kwenye moto mkubwa, chini ya vyungu, aliona ubao wenye herufi zilizochongwa kwa kisu na watoto wa zamani, kama madawati yote yanavyochongwa. Ubao ulikuwa umeshika moto upande mmoja. Upande mwingine ulikuwa bado na sufu imegandamana kwenye msumari wa baba yake.

Ntate Khauta alisimama pembeni, kofia mkononi, macho mekundu kwa moshi na kwa kilio. Shule ilikuwa likizo, watoto hawakuwa wameleta kuni, na yeye hakuweza kuja kwa Mè Malineo mkono mtupu. Shule nzima isilete hata ukuni mmoja kwenye msiba wa Mè Malineo? Hapana. Ndipo akakumbuka mbao kavu zilizo stoo. Yeye na walimu wenzake waliyapasua masanduku kwa shoka, wakayapakia, wakayaleta. Aliyaleta kwa upendo. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote.

"Pole, ausi, dada yangu," alimwambia Lineo. "Ndicho tulichokuwa nacho."

Ungejibu nini? Mtu aliyekuletea kuni msibani humwambii kuwa kuni zake ni mbaya. Lineo aliinamisha kichwa, akasema, "Asante, Ntate." Akarudi kwenye godoro. Anasema mpaka leo hajui ilikuwaje akasema asante.

Jumamosi tulizika. Upepo ulikuwa mkali, mchungaji alifupisha. Watu walirudi uani wengi kuliko ilivyotarajiwa, maana Ha Mokotjo nzima ilisoma kwake. Nyama ilikuwa tayari. Makande hayakuwa. Vyungu vilikuwa vimepoa mara mbili kwa upepo, na kuni zilikuwa zimekwisha. Zote. Wanaume walizunguka kijiji wakarudi na matawi mawili matatu. Mè Mapuseletso ndiye aliyekuwa anasimamia vyungu, amejifunga kitambaa kichwani, mwiko mkononi. Alionja harage moja, akalitema. Bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka yote ile jikoni, aligeuka akasema kwa sauti:

"Leteni masanduku ya Mè. Tuyafunike makande, yataiva yenyewe."

Wanaume walibaki na matawi yao mikononi.

Alirudia. "Jamani, yako stoo pale shuleni. Mtu akimbie."

Watu waliangalia chini.  Hapo ndipo Mè Mapuseletso alipotazama majivu miguuni pake. Kulikuwa na misumari ndani yake. Kulikuwa na kibonge cheusi cha sufu. Alikichokoa kwa mwiko, akakigeuza, akakitambua.

 Aliweka mwiko juu ya chungu, akaondoka. Tulidhani amekwenda kulia nyumbani kwake, na nani angemlaumu. Alirudi kabla watu hawajaanza kunong'ona. Mikononi alikuwa na mzigo mdogo wa vichaka, umejaa masizi na vumbi la darini, umefungwa kwa kipande cha kitambaa.

Wazee waliutambua. Ntate Khauta, ambaye ni mgeni kwetu, hakuutambua, akasogea kumsaidia. Mè Mapuseletso alimsukuma kwa kiwiko, si kwa hasira. Alipiga magoti, akausukuma mzigo wote chini ya chungu cha makande. Hakuufungua.

Vichaka vilikuwa vikavu kupita kiasi. Vilishika moto mara moja, moto mrefu, mzuri, kila mtu akarudi nyuma hatua moja. Kisha vikaisha. Ulikuwa mzigo mdogo, wasikilizaji. Ulikuwa mzigo wa mtoto wa darasa la nne.

Makande hayakuiva. Tuliyala hivyo hivyo, magumu, tukitafuna uani kwa Malineo Tsolo, mwanamke ambaye hakuwahi kumpa mtoto wa Ha Mokotjo chakula kibichi.

Kwa niaba ya redio hii tunampa pole Lineo, mtoto wake wa pekee, na mashangazi na mashemeji wote wa ukoo wa Tsolo. Tunampa pole Mè Mapuseletso, ambaye dari yake sasa haina kitu. Tunampa pole Ntate Khauta pia. Ametuomba tutangaze kwamba atatengeneza masanduku mengine. Madawati yaliyovunjika yamekwisha, anasema, na mbao za dukani zinahitaji kibali cha matumizi, kwa hiyo ameandika barua. Tunamwamini kwamba ameandika.

Shule zimefunguliwa Jumatatu. Lineo alikuwa kwenye gari la kurudi Maseru, na barabara inapita nyuma ya jiko. "Nilijikaza nisiangalie," alituambia, "halafu nikaangalia. Walikuwepo. Walikuwa wamejifunika mpaka puani. Mmoja alitupungia mkono."

Kesho asubuhi, wasikilizaji wapendwa, watoto wenu watatoka kwenda shule. Watazameni mikononi. Aliyebeba ukuni, muulizeni ameutoa wapi na alipanda mpaka wapi. Asiyebeba, mnajua atasimama wapi. Yafikirieni hayo kabla hamjafunga mlango, kwa sababu Mè Malineo hatakuwepo tena kuzunguka nyuma ya jiko.

Sasa nenda ukaitazame ile sufuria yako. Kama uliifunika vizuri tulipoanza, chakula kimeiva.